Sevu Niliyoogopa Kuimaliza

Mimi ni mwoga. Nilizaliwa mwoga, nikakua mwoga, na nadhani ndiyo sababu nimefika umri huu nikiwa na viungo vyangu vyote. Wanaojigamba kwamba hawaogopi kitu wasije wakaniambia mimi. Niliishi Garissa wakati wa vita vya shifta, wale waasi wa kaskazini mwa Kenya, na niliwaona mashujaa wakijitupa chini ya meza kwa sababu upepo umebamiza dirisha.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepelekwa huko kutoka bara. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu za maji. Visima vyake vilikuwa barabara ya Wajir, na wakati mwingine alikwenda mpaka Buna. Hatukuwa wa kabila moja, kwa hiyo nyumbani tulizungumza Kiswahili, yeye akiniita mwalimu na mimi nikimwita fundi, kama watu waliokutana kazini na wakasahau kuachana jioni. Watoto hatukuwa tumejaliwa bado. Tulikuwa na kitanda, redio na hofu yangu, na hofu ndiyo iliyochukua nafasi kubwa zaidi nyumbani.

Magari ya serikali hayakuwa yakisafiri peke yake siku zile. Yalikwenda kwa msafara, askari mbele na askari nyuma, na mafundi katikati wakiwa wamekalia mabomba yao. Mwanzoni tuliogopa risasi. Halafu yakaja mabomu ya kutegwa barabarani, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa kula. Risasi angalau ina mtu anayeipiga, unaweza kuomba Mungu amtetemeshe mkono. Bomu limelala tu chini ya mchanga, halina usingizi wala huruma, na lori la mume wangu lilikuwa na magurudumu sita.

Kila alipofunga sanduku lake la spana, tumbo langu lilikuwa linaanza kuendesha. Sisemi kwa mafumbo. Nilikuwa nashinda chooni.

Yeye alikuwa mtu wa kutengeneza vitu. Chochote kilichoharibika mbele yake, hata kama ni mke, alikizunguka akikitazama mpaka aone pa kuanzia. Nyuma ya nyumba zetu palikuwa na uwanja wa tenisi ulioachwa na maofisa Waingereza walipoondoka. Udongo mwekundu ulioshindiliwa, uzio wa waya uliotoboka, wavu ambao mbuzi walipita katikati yake bila kuinama. Katika stoo ya klabu tulipata raketi mbili zenye nyuzi zilizolegea, na mipira iliyonyonyoka manyoya yote ikabaki na kipara. Mume wangu alikuwa amejifunza tenisi alipokuwa mwanagenzi Nakuru. Akakaza nyuzi, akachota chokaa, akachora mistari upya, kisha akaniita.

“Hofu yako haina kazi, mwalimu,” akasema. “Ndiyo maana inakula wewe. Tuipe kazi.”

Akaamua kunifundisha sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, kwa sababu ndio pekee ambao mtu anaweza kuufanyia mazoezi bila mwenzake. Na alikuwa na utaratibu wake. Jioni ya kabla ya safari, kabla ya saa ya kafyu ya kutotoka nje, alinitazama nikipiga, akanichagulia kosa moja. Moja tu. Mengine hata kama yalimchoma macho aliyanyamazia.

“Hilo nakuachia,” alisema. “Nikirudi nisilikute.”

Kosa la kwanza lilikuwa mshiko. Nilikamata raketi kama mtu anayekaanga chapati. Akanifundisha kuishika kama nyundo. Akaenda, akarudi, mshiko ukawa mzuri. Akaniachia kurusha mpira: usiutupe, akasema, uinue kwa mkono ulionyooka, uuachie unapopita macho, kama unayeweka yai kwenye rafu ya juu. Akaenda. Nilirusha mayai yale mpaka bega likavimba. Akarudi. Akaniachia magoti, niyakunje kidogo ndipo nipande. Akarudi tena.

Kosa lililokataa kutoka lilikuwa mkono wa kushoto. Ukishaurusha mpira, mkono ule hubaki juu kidogo, ukiuelekea, na macho hubaki juu pia mpaka raketi igonge. Mimi nilikuwa naushusha upesi na kutazama mbele. Mume wangu alidhani ni uvivu. Haukuwa uvivu. Ng'ambo ya uzio ule palikuwa na vichaka vya miiba, na zaidi ya vichaka, barabara. Nani mwenye akili timamu angeweza kusimama kifua wazi katika Garissa ya mwaka ule, mkono juu, akitazama mbinguni? Nilikuwa natazama vichaka. Na nilikuwa natazama barabara, maana vumbi likionekana ni msafara, na msafara ni yeye.

Basi akaniachia mkono wa kushoto, akaenda Wajir.

Siku zile nilikuwa nimeanza kugundua jambo, na sijawahi kulieleza vizuri kwa mtu yeyote kwa sababu linachekesha. Mume wangu alikuwa anarudi kila mara. Wengine hawakurudi. Mpimaji wa barabara, jirani yetu wa mlango wa tatu, aliondoka asubuhi akipiga mluzi, akaletwa amefunikwa turubai. Lakini wangu alirudi, na kila alipokanyaga uwanja ule alikuja kukagua kosa alilokuwa ameliacha. Nikajiambia: anarudi kwa sababu ana kazi hajaimaliza. Mtu huyu hawezi kufa na kazi mkononi, haimo katika tabia yake. Na je, sevu ikikamilika?

Nililelewa kanisani na nilikuwa na cheti cha ualimu, lakini hofu haiulizi cheti. Nilijua mkono wa kushoto ulikwisha kunyooka. Nikiwa peke yangu, jioni vichaka vikiwa kimya, niliweza kuuacha juu kama bendera na kuutazama mpira mpaka nyuzi zilipoupokea. Lakini aliporudi na kusimama kando, niliushusha kusudi. Akatikisa kichwa.

“Bado,” akasema.

Nikafurahi kama mtu aliyepewa dawa. Nilimdanganya hivyo kwa miezi. Alijaribu kila njia, mara anishike kiwiko, mara aniambie nihesabu mawingu, na mimi, mwanafunzi kichwa maji, nikaendelea kushusha mkono. Aliniachia kosa lile lile safari baada ya safari, naye akarudi safari baada ya safari, na ushirikina wangu ukanenepa.

Mtu pekee aliyekuwa akija nyumbani mume wangu asipokuwepo ni mama wa Kisomali aliyetuletea maziwa ya ngamia asubuhi, katika chombo cha kusukwa kilichofukizwa mpaka maziwa yakanuka moshi. Mume wake alikuwa na ngamia upande wa Dadaab. Aliniita abaayo, yaani dada, na aliona tenisi ni wendawazimu.

“Abaayo, wewe nabiga mbira, hakuna mutu narudisha,” aliniambia siku moja, p zake zote zikigeuka b, mikono kiunoni. “Sasa hii ni mchezo gani?”

“Ni mazoezi.”

“Ya nini?”

Nikacheka, naye akacheka, akamimina maziwa.

Halafu ikaja safari ya Buna. Ndiyo ndefu kuliko zote, na barabara ilikuwa mbaya mwezi ule, kila mtu alijua. Jioni ile ya kuamkia safari tulikwenda uwanjani kama kawaida. Upepo ulikuwa mkali, mikoche ya mtoni ilikuwa inapiga kelele, na nilikuwa nimejawa na woga hata nikasahau kudanganya. Hilo ndilo lililotokea, si zaidi. Nilisahau. Nikakunja magoti, nikainua mpira, mkono wangu wa kushoto ukabaki juu, macho yakabaki juu, na raketi ikashuka mgongoni ikapanda ikagonga kwa sauti ambayo sijawahi kuitoa. Mpira ukapita juu ya wavu, ukatua kwenye kona ya kisanduku cha kupokelea sevu, ukaruka mpaka kwenye waya.

Mume wangu akapiga makofi.

“Hiyo!” akasema. “Mwalimu, hiyo ndiyo! Umemaliza!”

Nikamwambia nimebahatisha, ngoja uone nyingine. Nikapiga vibaya makusudi, mara mbili, mara tatu, lakini alikuwa amekwisha kuona. Fundi ukishamwonyesha mashine inazunguka, humdanganyi tena kwamba ni mbovu. Akachukua raketi zote mbili akaziweka begani, akatembea kurudi nyumbani akiimba. Nilimfuata nyuma nikilia, naye akadhani ni furaha.

Asubuhi aliondoka bila kuniachia kosa lolote.

Siku za kwanza nilifundisha, sijui nilifundisha nini. Kisha asubuhi moja mama wa maziwa akaja, hakuita mlangoni kama kawaida yake. Alisimama tu.

“Abaayo,” akasema, “iko gari nabiga bomu. Ya serkali. Huko mbele ya Wajir.”

“Nani kakwambia?”

“Watu ya ngamia.”

Redio ilikuwa haijasema kitu. Na mimi, badala ya kumshika mkono, nilimtazama kwa jicho baya. Nikamuuliza wao walijuaje. Nasema nilivyofanya, sijipambi.

Akaweka chombo chake chini.

“Wewe nauliza mimi kama bolisi,” akasema. “Bolisi nauliza mimi kila siku. Bwana yako naogoba bomu. Bwana yangu naogoba bomu na naogoba askari, yote bamoja. Wewe iko na hofu moja, abaayo. Mimi iko na mbili.”

Akaingia jikoni mwenyewe, akachukua sufuria yangu, akamimina maziwa mpaka juu.

“Kunywa. Tumbo tubu naogoba zaidi. Inshallah bwana yako narudi.”

Nilikunywa mbele yake kama mtoto. Alipoondoka nilikwenda ofisini kwao mume wangu, wakaniambia hawana habari, na jinsi walivyokwepa macho yangu nikajua wanayo, ila hawajui majina.

Jioni ile nilikwenda uwanjani na nia moja: kuiharibu. Kama sevu mbovu ilimrudisha, basi nitaipata tena ile mbovu. Nikashika raketi kama kikaango. Nikaushusha mkono. Nikatazama vichaka badala ya mpira. Na mpira ukaingia. Nikaurusha mwingine ovyo, mwili wenyewe ukausogelea, magoti yakakunjika bila kuulizwa, ukaingia. Nilijua kabisa ubovu ulivyokuwa, ningeweza kuufundisha darasani, lakini mwili ulikuwa umekataa kurudi huko. Kila mpira uliingia. Nililia kwa hasira nikipiga, nikimtukana mume wangu kwa kufundisha vizuri namna ile.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Asubuhi maziwa, mchana darasa, jioni mipira yenye kipara ikiingia mmoja baada ya mwingine kwenye kisanduku nisichotaka iingie.

Nilikuwa uwanjani niliposikia malori. Nilikuwa nimeyasubiri siku zote zile, na yalipokuja sikuweza kugeuka. Vumbi likanifikia, harufu ya dizeli ikanifikia, nikasikia wanawake wakikimbia kutoka nyumba za wafanyakazi, na mmoja akaanza kuomboleza. Mimi nikainama nikaokota mpira. Nilijiambia kwamba kadiri nisivyotazama, bado yupo ndani ya lori mojawapo. Nikapiga. Nikaokota mwingine. Huo nao ukaingia.

Kisha mlango wa waya ukalia nyuma yangu.

“Mwalimu.”

Ilikuwa sauti yake. Sikugeuka. Mwoga hata furaha anaiogopa, anadhani nayo imetegwa.

“Piga moja nione,” akasema.

Nikainua mpira. Mkono ukabaki juu. Sikujaribu kudanganya, sikuwa na nguvu za kudanganya. Raketi ikagonga, mpira ukatua kwenye kona ile ile ya siku ya kuondoka kwake, ukaenda kugonga waya.

Nilisikia anavyopumua, pumzi za kukatika, kama aliyekuwa amekimbia kutoka Buna kwa miguu.

“Umekanyaga mstari,” akasema. “Ni kosa hilo.”

Nikatazama miguu yangu. Chokaa aliyoichora ilikuwa imepeperushwa na upepo tangu wiki aliyoondoka, na iliyobaki mbuzi walikuwa wameivuruga kwa kwato. Mbele ya viatu vyangu palikuwa na vumbi jekundu, na nyuma yake vumbi jekundu, mpaka kwenye uzio.

Ndipo nikageuka. Alikuwa mweupe kwa vumbi kuanzia nywele mpaka buti, na kifuani shati lake lilikuwa limekauka damu ambayo baadaye nilijua haikuwa yake. Mtu huyu ambaye hakuwahi kuniambia hata siku moja kwamba anaogopa alinionyesha kwa kidole pale chini, mahali pasipokuwa na kitu.

“Wiki ijayo wananirudisha Wajir,” akasema. “Hilo nakuachia. Nikirudi nisilikute.”

“Ndiyo, fundi,” nikamwambia. “Nimekanyaga.”