OK Zote za Shahe

Harufu ya nailoni iliyoungua kidogo kwa pasi hainiachi salama. Juzi nilipita kwa fundi cherehani mtaani kwetu, pasi ikamkawilia juu ya bitana, na kabla moshi haujatawanyika nilikuwa nimeshafika Shahe, soko la nguo la Guangzhou, China. Nina miaka tisa, nimesimama kati ya marobota ya nguo, kamasi zinanitoka, na ninamwambia mama yangu jambo ambalo hataki kulisikia.

Naomba niwaeleze kwa mpangilio, maana nikianza na hasira sitamaliza.

Mama aliuza nguo za watoto Kariakoo. Mwishoni mwa miaka ya tisini, Ramadhani ilipoangukia miezi ya baridi ya kule, alikuwa miongoni mwa wanawake wachache wa soko lao waliokuwa wameijua njia ya Guangzhou. Safari zake za mwanzo alinunua magauni ya Idi kwa kufuata namba ya kwenye lebo. Namba ile na mtoto wa Dar es Salaam havikupatana hata kidogo: mikono ilibana, kiuno kikakaa kifuani, wateja wakarudi na maneno. Basi mwaka ule, shule zilipofungwa, aliamua kusafiri na kipimo chake mwenyewe.

"Saida," aliniambia, "wewe ndiye futikamba yangu."

Nilijivuna mpaka nikawachosha watoto wa mtaa mzima. Ahadi ilikuwa moja, na niliikariri kama sura fupi ya Kurani: magauni yakishonwa, tunayapeleka kwenye ndege ya mizigo, tunarudi, tunakula Idi nyumbani, mimi na yeye. Idi mbili zilizotangulia zilimkuta safarini. Hii ya tatu ilikuwa yangu.

Tulipanga chumba katika hoteli ndogo ya barabara ya Huanshi Zhonglu. Hakuna aliyenionya kuhusu baridi. Haikuwa ile ya theluji niliyoiona kwenye kalenda. Ilikuwa baridi yenye maji, inayolowanisha shuka na kukaa kwenye mifupa. Wenye maduka walifanya biashara wamevaa makoti, milango wazi, wameshika glasi za chai ili wapashe vidole moto. Wiki ya kwanza tu nikashikwa na kifua. Mama akaninunulia sweta la rangi ya haradali, nene kama godoro, akaniamuru nisilivue hata kwa kuota.

Shahe tulikuwa na bosi wetu, mwenye duka aliyetushonea, laoban, kama wanavyosema kule. Aliitwa Ling, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ya shule. Hakujua Kiswahili, mama hakujua Kichina, na Kiingereza cha wote wawili kingeenea kwenye kijiko cha chai. Kilichobaki kufanya kazi yote ni neno moja.

Ling alisema OK akimaanisha karibu. Alisema OK akimaanisha kaa hapo, nimekuelewa, au sijakuelewa lakini endelea. Mama alipoushika mshono na kukunja uso, OK ya Ling ilipanda juu kama swali. Mama alipojifanya anaondoka, ikawa ndefu, ooo-keee, ya kumvuta mtu kwa nyuma. Rangi fulani ikikosekana aliniambia "meiyou", hakuna, kisha akaongeza OK, kana kwamba kukosekana kwenyewe kumepangwa vizuri. Mama naye akaambukizwa: nikimuuliza tunarudi lini, anajibu OK. Nikisema nina njaa, OK. Nilianza kulichukia neno lile kama mtu unavyomchukia mgeni anayekalia kiti chako kila siku.

Nikataka kujua lilikotoka. Jioni moja wakati wa futari nilimuuliza Ami Hamadi, Mzanzibari aliyetusafirishia mizigo.

"OK imetoka Unguja," alijibu, tende bado iko mdomoni. "Mzungu wa bandarini alikuwa akiyapiga herufi hizo magunia ya karafuu yaliyo safi. Meli zikaipeleka duniani."

Mama Neema, mama wa Moshi aliyekuja kununua redio, Mkristo ambaye hakuwahi kukosa futari yetu, aliweka kikombe chini. "Ami, kwani kila kitu kimetoka Unguja? Na baridi hii je?"

"Baridi ni mali yenu watu wa mlimani, dada. Hiyo hatuidai."

Mama Neema akanigeukia. "Mwanangu, usimsikilize. Mwalimu wetu alisema neno hilo ni la vitani. Askari wakirudi wanahesabiwa. Kama hakuna aliyeuawa, wanaandika sifuri, halafu K ya kuua kwa Kizungu. Ile O ni sifuri."

"Basi hapa Shahe iandikwe upya," Ami akasema, "maana bei mnazonipa za mizigo zinaniua kila siku."

"OK, kuleni," mama akawakatiza. "Uji unapoa."

Baadaye, nilipokuwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa kuchunguza, nililifuatilia. Wapo wanaolidai kuwa la Wolofu wa Senegali, wapo wanaosema ni la wenyeji wa asili wa Marekani, na hadithi ya sifuri ya vita imeenea kuliko nilivyodhani. Lakini wanaoaminiwa zaidi wanasema lilianza kama mzaha magazetini Marekani, karne ya kumi na tisa, pale waandishi walipopata furaha kuandika maneno kwa makosa ya makusudi kisha kuyafupisha. Maana yake ilikuwa "yote ni sahihi", "all correct" iliyoandikwa "oll korrect", na herufi zote mbili zilikuwa za makosa. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu, kicheko kisicho na raha, kwa sababu nilikumbuka siku ya sampuli.

Siku hiyo Ling alileta gauni la kwanza: la waridi, lenye bitana ya nailoni na ua kubwa kiunoni. Mama akanivisha palepale mlangoni, juu ya sweta. Likanikaa kama nimezaliwa nalo. Ling akapiga makofi.

"Mama," nikasema, "limenitosha kwa sababu ya sweta."

"OK, mwanangu."

"Mama, nina sweta ndani! Dar hawavai sweta!"

"OK."

Nikaona bora vitendo. Nililishika gauni pamoja na sweta, nikaanza kuvipandisha kichwani. Upepo wa barabarani ukanigonga tumbo, kikohozi kikanikamata katikati, nikabaki kipofu ndani ya nguo. Mama alinidaka mikono, akavuta kila kitu chini kwa nguvu.

"OK, Saida! OK, basi! Nimesikia!"

Akamgeukia Ling. Akabana kitambaa cha ubavuni kwa vidole viwili, akafikiri, akamwonyesha apunguze kiasi kile. Ling akauliza, "OK?" Mama akajibu, "OK." Ling akafunga uzi mwekundu shingoni mwa gauni. Kule sampuli iliyofungwa uzi haina mjadala tena: fundi huifuata ilivyo, na mnunuzi huipokea ilivyo. Kile kipimo cha vidole hakikuwa na uzi wowote wa kukishika.

Nyumbani nilifundishwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilitafuta methali ya mkuu asiyesikia la mdogo, sikuipata. Waliotunga methali walikuwa wakuu.

Magauni yalichelewa. Kila tulipokwenda, Ling alituonyesha kesho kwa kidole, akaisindikiza na OK. Yalipofika hotelini ilikuwa siku ya jua, ya kwanza tangu tuje, na sweta langu lilikuwa limefuliwa, linaning'inia dirishani. Mama akafungua robota, akanivisha. Mabega yakaniteremka hadi karibu na viwiko. Ua la kiunoni likanikaa mapajani.

"Nilikwambia," nikasema. "Nilikwambia!"

Mama alikaa kitandani. Hakusema OK.

Shahe, Ling hakupiga kelele. Aliitoa sampuli yenye uzi, akailaza juu ya gauni jipya. Zililingana. Ubavuni palikuwa vilevile, bila hata upana wa kidole kupunguzwa. Mama alipobana tena kitambaa kumkumbusha, Ling alionyesha uzi. Mwishowe alikubali mafundi wake wabane pembeni gauni moja moja, mradi mama asimame nao. Akasimama nao. Kutwa nzima, na saumu yake, kwenye chumba cha cherehani ambamo pasi zilifuka juu ya nailoni, mama alinivisha na kunivua, kunivisha na kunivua, mikono yake ikinukia moto.

Tarehe ya tiketi zetu ikafika nusu ya magauni ikiwa bado. Mimi niliondoka na Mama Neema. Mama alisogeza tiketi yake, na nafasi aliyoipata ilikuwa ya baada ya Idi. Alituaga mlangoni mwa hoteli kwa sababu mafundi walikuwa wakimsubiri.

"Uko OK?" aliniuliza.

Niliingia kwenye teksi nikageuza uso. Mama Neema akanifunika na kitenge chake na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

Magauni yalifika Dar siku mbili kabla ya mwezi kuandama, na wenzake wa sokoni wakamwuzia yote. Asubuhi ya Idi mtaa wetu ulijaa waridi. Kila msichana aliyepita alikuwa amevaa kazi ya mama yangu, na mimi pia, nikila pilau la bibi bila kulionja. Niliyahesabu maneno yote niliyomwambia mlangoni pale Shahe, nikaona hayakuwa na kasoro. Nilikuwa sahihi. Nilibaki sahihi kwa miaka mingi, na hasira yangu ilikaa pazuri ndani ya usahihi huo.

Mwaka juzi mwanangu wa kike alipata nimonia. Mama alikuja kunisaidia kumwuguza, na tukiwa tumekaa pembeni ya kitanda nikamwuliza, hatimaye, kwa nini siku ile hakunisikiliza.

"Nilikusikiliza," alisema. "Ulikuwa unachemka kama sufuria. Nikuvue kwenye upepo ule kwa ajili ya gauni?"

"Tungeingia ndani. Tungerudi siku nyingine."

"Siku nyingine ipi, Saida? Cherehani zilikuwa zinasubiri, na nyuma yangu kulikuwa na wanunuzi wengine. Nikasema nitakadiria. Nilikadiria vibaya."

"Lakini ungeniambia! Miaka yote hii, Mama. Ungesema tu, sikuvui kwa sababu unaumwa."

Alimpangusa mjukuu wake jasho shingoni, taratibu, akageuza upande mkavu wa kitambaa.

"Ningekwambia hivyo," alisema, "Idi ile ungeila ukijua tumeikosa kwa sababu uliumwa. Nikaona bora unikasirikie mimi."

Nilifungua mdomo kubisha. Mimi hubisha, ndiyo kazi yangu. Kisha nikamtazama mwanangu akihema, mtoto wa miaka minane aliyekuwa ameniomba radhi asubuhi ile kwa kunifanya nikose kazini, nikaufunga mdomo.