Swali la Mwisho Lilikuwa Shairi Langu, Mume Wangu Akasema Ni Lake

Jina la dada huyu na nyumba yake tunavijua sisi tu, na tumemwahidi havitatoka. Yanayofuata ni maneno yake mwenyewe.

Bwana Mhariri, na nyie wasomaji wote, mwenzenu nimebanwa, sina pa kupumulia. Nina miaka ishirini na sita, nakaa Temeke, mume wangu ni karani wa bohari huko bandarini na tumejaaliwa watoto wawili. Nilisoma mpaka darasa la nne nikatolewa shule niolewe. Shule iliniacha, mashairi hayakuniacha. Natunga nikitwanga, natunga nikifua, natunga hata nikigombana na watu.

Mwaka jana nilitunga shairi nikaliita "Kinu". Kinu kinalalamika kuwa kinapigwa kutwa, mchele unatoka mweupe, watu wanakula wanashiba, na hakuna anayekumbuka aliyeupokea mchi. Kituo chake kilikuwa hiki: "Wali wapewa sifaze, kinu hakitajwi jina." Siku nilipolitunga, mume wangu alikuwa siku ya nne hajanisemesha, kisa chumvi kwenye mchuzi. Basi mmeshajua kinu ni nani.

Nikalipeleka kwenye gazeti jingine kwa jina la kupanga, Mtwangaji, kama wafanyavyo watunzi wengi. Lakini gazeti halichapi shairi lisilo na anwani, na mwanamke wa Temeke sanduku la posta atalipata wapi? Nikaandika sanduku la mume wangu. Hapo ndipo nilipojifunga kamba kwa mikono yangu. Shairi likatoka, gazeti likatumwa kwenye lile sanduku pamoja na shukrani za mhariri wao. Mume wangu akarudi nalo, akauliza, "Huyu Mtwangaji ni nani, anayetumia sanduku langu?" Nikaingiwa na woga, maana alishaniambia mke wa mtu haandikiani na wanaume wa magazetini. Nikasema, "Mie sijui. Labda wamekosea namba." Akanitazama, akacheka kidogo, akalikunja gazeti akalitia mfukoni.

Yakaja yale mashindano ya maswali ya redioni. Mzungu wa mitambo alishusha masanduku yake ukumbini hapa Temeke, watu wakajaa mpaka madirishani, sie wanawake tukakaa nyuma. Mume wangu kichwa anacho, simnyimi haki yake. Alijibu milima, alijibu mito, alijibu hata mambo ya enzi za Mjerumani. Wakabaki wawili. Mwendeshaji akasema swali la mwisho ni la mashairi, atasoma nusu ya kituo cha shairi lililotoka gazetini, wao wamalizie. Akasoma: "Wali wapewa sifaze..."

Lo! Moyo ulinipasuka. Nusura ninyanyuke nijibu mie. Mume wangu akainua mkono, "Kinu hakitajwi jina!" Ukumbi ukalipuka, na wa kwanza kupiga kigelegele nilikuwa mie, mjinga mie. Mwendeshaji akamuuliza, "Umelijuaje, bwana?" Akajibu bila hata kumeza mate, "Nimelitunga mwenyewe."

"Mwanamume kujiita Mtwangaji?"

"Ah, hiyo mbinu tu ya kujificha."

Watu wakacheka, wakampa mkono, wakampa na redio mpya. Lile gazeti nalo likatazama daftari lake, likakuta sanduku kweli ni lake. Nani tena atabisha?

Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Baba watoto, lile shairi ni langu." Akanijibu kwa upole, na huo upole ndio unaoniua, "Si uliniambia hulijui?" Nikaenda kwa mama yangu nikalia weee. Mama akasema, "Sasa mwanangu, unataka kumvua nguo mumeo hadharani? Nyamaza, ulee watoto." Shoga yangu wa nyumba ya pili naye kila tukikutana bombani ananitania, "Mwenzetu una mume mtunzi, usiku anakuimbia?" Nacheka meno nje, ndani nimevimba.

Sasa watu wa redio wanamtaka asome shairi jipya kila Jumamosi. Ananiletea karatasi na wino, anaviweka mezani, anasema, "Tusaidiane, mke wangu." Nimeshamtungia matano. Jumamosi ikifika sauti yake inatoka kwenye redio ile ile aliyoishinda kwa kinu changu, na wanangu wa kuwazaa wananikemea, "Mama, acha kutwanga, baba anasoma!"

Wiki hii wamempa mada: Mke Mwema. Shairi analitaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Mnajua ubeti wa mwisho mtunzi hutaja jina lake. Karatasi zangu hazisomi mpaka awe mbele ya kipaza sauti, anavyoniamini. Nikitia jina langu pale, nchi nzima itamsikia akilitaja kwa mdomo wake, na jioni hiyo hiyo nitarudi kwa mama na kitanda changu, watoto watabaki kwake. Nikitia lake, basi tena, nimejizika mzima mzima. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba shairi lenyewe limekuja zuri kuliko yote. Beti sita ziko tayari, umebaki huo mmoja.

Gazeti hili analileta nyumbani akishamaliza habari za mpira. Ukurasa huu hausomi, anasema ni umbea wa wanawake. Kwa hiyo jamani nishaurini kabla ya Ijumaa hiyo, pale mwisho niandike jina la nani? Majibu yenu yachapeni humu humu, msiyatume kwa posta. Sina sanduku jingine ila lake.