Yai, Kipimo na Ulimi: Sun-im Arudi kwenye Mitungi ya Soya

Jua halijafika uani, na barafu nyembamba bado imeshika vifuniko vya mitungi. Maeng Sun-im, mama wa miaka thelathini na mmoja, amechuchumaa mbele ya pipa la maji ya chumvi, vidole vimekuwa vyekundu kwa baridi. Anatumbukiza kipimo cha kioo. Kinachezacheza, kisha kinatulia.

"Digrii kumi na nane. Mama, chumvi ipo sawasawa."

Mama mkwe wake, Guk Jeom-rye, hakiangalii kipimo. Ameshika yai.

Ni siku ya Farasi katika kalenda ya jadi, siku ambayo nyumba hii ya Damyang, Korea Kusini, hutia matofali ya soya iliyovundikwa ndani ya maji ya chumvi ili kupata mchuzi wa soya. Yai likielea na kutoa mgongo wa ukubwa wa sarafu ya won mia tano, maji yamekolea.

Mwaka jana yai lilielea vizuri tu. Baadaye mitungi tisa kati ya kumi na miwili ilioza, hata jirani akaja kuuliza ni mnyama gani amekufa. Wateja wakapotea.

"Nililia mpaka mwanangu Ha-jun, mgongoni, akanyamaza kunisikiliza," anasema Sun-im. "Msimu huu ukiharibika, tunauza mitungi. Hilo tumeshakubaliana. Lakini hautaharibika."

Jibu la kwa nini mitungi ilioza alilipata shule ya jioni, anakosomea mtihani wa sekondari. Mwalimu wa kemia aliandika safu mbili ubaoni. Moja ilikuwa ya sifa za kutambua kwa hisi: rangi, harufu, ladha. Ya pili ilikuwa ya sifa za kupima kwa namba: uzito, joto, ujazo. Sun-im akauliza yai linakaa safu ipi. Darasa zima likacheka.

Mwalimu hakucheka. Alimuuliza yai lenyewe lilikuwa la lini.

Lilikuwa limekaa jikoni wiki tatu. Yai la siku nyingi hujaa hewa, kwa hiyo lile lilielea ingawa chumvi ilikuwa pungufu, na soya ikaoza.

Leo yai ni la jana, la kuku wa jirani. Jeom-rye analiachia taratibu. Linaelea, mgongo wa sarafu juu. Yai na kipimo vinasema kitu kimoja, na Sun-im anaanza kutabasamu.

Mama mkwe anachovya kidole, analamba, anatema.

"Mama Ha-jun, onja."

"Nimeshapima, mama."

"Sijasema pima. Nimesema onja."

Anaonja. Chumvi ipo, kisha uchungu unabaki nyuma ya ulimi. Ni chumvi mpya ya bahari, haijakaa ghalani ikachuruzika maji yake machungu. Kipimo kimejua maji ni mazito kiasi gani. Hakikujua yamebeba nini.

Chumvi kongwe iliyobaki ghalani inatosha mitungi mitano tu. Sun-im anaitazama ile kumi na miwili, iliyooshwa na kupangwa tangu jana.

"Tumwage," anasema.

"Yote? Mgongo wangu ndio uliobeba hayo maji."

"Wangu utabeba mengine. Kaa pale kwenye jua, mama, unitukane ukiwa umekaa."

Jeom-rye anakaa, na kweli anamtukana kidogo.

Alasiri maji mapya yanapita kwa yai, kwa kipimo na kwa ndimi mbili. Matofali ya soya yanatiwa katika mitungi mitano, yanafuatiwa na mkaa na pilipili kavu vya kuzuia mchuzi usiharibike. Sun-im atafanya mtihani mwezi wa nne. Akifaulu, anataka kusomea usindikaji wa vyakula, na mwakani aijaze mitungi yote kumi na miwili.

Imebaki karatasi ya kukatwa umbo la soksi na kubandikwa kichwa chini kwenye mtungi ili kufukuza wadudu na mabaya. Miaka yote imekatwa kwa kufuata mguu wa Jeom-rye. Leo bibi anaitandaza karatasi chini na kutoa penseli.

"Vua kiatu."

"Mimi?"

"Mguu wangu umezeeka, wadudu wameuzoea. Vua."

Sun-im anakanyaga karatasi, vidole vikijikunja kwa baridi. Penseli inaanza kuzunguka kisigino chake.

"Tulia hapo," anasema mama mkwe bila kuinua macho. "Mtungi ukioza sasa, kosa ni la mguu wako."