Pale Kanda ya Lambwe Ilipoishia

Benta aliliona gari la Frankline likisimama nje ya kibanda chake cha kuuza kanda mjini Migori. Alikuwa na miaka mitatu ya kujiandaa kwa siku hii, na miaka yote hiyo alikuwa akiomba tu isifike. Ikafika, Jumamosi, saa nne asubuhi, mwaka wa tisini na saba. Frankline alishuka, kijana wa Kisumu wa kutoa kanda za muziki, na nyuma yake akashuka Zablon, kitambaa kimefungwa shingoni.

Usiniulize Zablon ni nani kama uliwahi kuishi pande zile. Ni yule wa gitaa kavu, bila bendi, bila ngoma, mtu mmoja na nyuzi sita, na watu walikuwa wakipanda juu ya ukuta kumsikiliza. Benta alimfuata tangu tisini na moja na redio kaseti yake, Homa Bay, Isebania, mpaka Ntimaru kule kwa Wakuria. Alirekodi kanda kumi na moja. Halafu Zablon akapasuliwa koo, na sauti ikapotea moja kwa moja. Sasa alikuwa ananong'ona tu. Frankline alitaka kuzitoa zile kanda kama albamu, na Zablon alikubali kwa sharti moja: wimbo wa Cate uwemo.

Cate alikuwa binti yake, darasa la sita, malaria ilimchukua mwaka wa tisini na nne. Siku ya kumi baada ya mazishi, Zablon alikuwa ameshaahidi kuimba kwenye harambee ya shule huko Lambwe, na akaenda. Aliutunga wimbo palepale, amesimama, jua la mchana kichwani. Hakuwahi kuuimba tena. Hakuweza. Kila aliyemuuliza alimjibu, "Uko kwa Mama Terry, uko salama." Mama Terry ndiye huyu Benta.

Shida ilikuwa pakruok. Kwetu Wajaluo, mwimbaji akiwa katikati ya muziki, mtu husimama, hutupa shilingi, muziki unatulia, anajisifu yeye na watu wake mpaka aridhike, na mwimbaji anamwitikia. Benta alikuwa na sheria yake: pakruok ikianza, anasimamisha mashine. Upande wa kanda ni nusu saa tu, na nani anunue kanda asikilize majirani wakijipiga vifua?

Lakini siku ile ya Lambwe aliyesimama alikuwa Cephas, mume wake. Cephas! Mwanamume ambaye nyumbani hata asante ilimtoka kwa taabu. Benta aliacha kanda itembee. Jioni alipoisikiliza akajua amefanya nini, akaificha kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo, na Zablon alipouliza akamwambia ni nzima. Mwaka uliofuata lori lilimgonga Cephas kule Isebania. Basi, angeitoa vipi tena ile kanda, yenye sauti ya marehemu?

Sasa Benta aliitoa koponi, na Frankline akaitia kwenye mashine. Zablon aliketi kwenye kreti ya soda, macho sakafuni.

"Mimi Cephas!" kanda ikapaza sauti. "Mbung'o wa Lambwe wakiniuma wanakufa wao! Namsifu Benta, nyar Karungu, binti wa Karungu, mwanamke ambaye sufuria yake haijawahi kunidanganya!" Watu wakashangilia. Akaendelea, akaendelea tena, ng'ombe wa babake wakatajwa mmoja mmoja.

"Hii tunakata yote," Frankline akasema.

Hatimaye gitaa likaingia. Ubeti wa kwanza. Wa pili. Kwenye wa tatu sauti ya Zablon ikapanda: "Cate, mlango nimekuachia..." Tak! Kanda ikaisha.

"Geuza," Zablon akanong'ona.

"Upande ule hauna kitu, Baba Cate."

"Ulijua?"

"Nilijua jioni ile ile."

"Miaka mitatu, Mama Terry! Miaka mitatu!" Alitaka kupiga kelele, mishipa ikamtoka, na kilichotoka kilikuwa pumzi tu. Benta aliona heri angemtukana mbele ya mji mzima. "Ulikuwa umesimama mbele yangu. Mlango nilimwachiaje? Nilisemaje? Mimi sikumbuki!"

Angeweza kubuni. Nani angejua? Maneno mawili matatu matamu, na mzee aende zake amepona. Yalimfika mdomoni kabisa.

"Sikusikiliza," akasema. "Hata kanda ilipokatika sikujua, nilikuwa bado namtazama Cephas." Na hapo akalia, kwa aibu.

Zablon aliisogelea mashine. Kisha akanyoosha mkono mwenyewe, akairudisha kanda nyuma, na Cephas akaanza upya na mbung'o wake. Chini ya kelele za watu kulikuwa na sauti nyingine, karibu na maikrofoni. Mtu anacheka, kicheko cha kutoka tumboni. Zablon aliirudisha tena. Akairudisha mara ya tatu.

"Ni mimi huyo," akasema. "Nilikuwa nimemzika mtoto, siku kumi. Sikujua kama nilicheka."

Frankline akaanza kueleza kwamba wanunuzi hawatapenda.

"Usikate chochote," Zablon akamwambia. Akamgeukia Benta, na uso haukuwa umelainika hata kidogo. "Na wewe, hutamwachia mtu mwingine kazi ya kuwaeleza wanunuzi wimbo ulikatikaje."

Albamu ilitoka Desemba. Wiki ya kwanza tu Orpah, muuza samaki aina ya omena sokoni, aliingia kibandani ameishika juu.

"Mama Terry, umeniuzia kanda mbovu! Wimbo wa mtoto umekatika."

"Si mbovu," Benta akasema. Alifuta mikono kwenye leso, akamvutia kreti akae. "Ni mimi niliyeukata. Nilikuwa namrekodi mume wangu."