Nilimtia Shemeji Yangu Kwenye Filamu ya Kifilipino

Nimekosa, tena kosa la mdomo. Sina wa kumsingizia. Jina silitaji, ila Waswahili wa Stockholm mkiisikia sauti yangu mtanijua tu.

Nyumbani Tanzania nilikuwa natafsiri filamu kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video kwa kiingilio. Kifilipino sijui, Kikorea sijui, lakini nipe maiki uone! Unawapa majambazi majina ya watu waliokaa mbele yako, unawatania, kibanda kizima kinacheka.

Huku nasafisha ndege. Jumapili baada ya ibada tulikuwa tunakusanyika kwa dada yangu, Husby, nami natafsiri. Siku hiyo niliweka filamu ya Kifilipino ya ndugu wawili. Mkubwa anamwingiza mdogo kwenye ujambazi, kisha anakimbia anamwacha akamatwe. Yule mdogo nikampa jina la shemeji yangu, Japhet, mume wa dada, ninayefanya naye kazi. Watu wakacheka, na mwenyewe akacheka.

Katikati ikapoa. Mkenya mmoja akasema, "Buda, hii inaboo. Weka ingine."

Jamani, kiburi! Nikataka kuwarudisha kwa nguvu.

Filamu ikafika mahakamani. Sasa, Japhet aliwahi kunieleza tukiwa kazini, mimi na yeye tu, kwamba ujanani alifungwa miaka minne kwa pikipiki aliyoiba kaka yake. Dada alijua. Binti yao hakujua. Alinieleza hata maneno aliyoyasema kwa kelele siku ya hukumu. Nikayachukua yote nikamtia Mfilipino mdomoni:

"Kaka, pikipiki uibe wewe, jela nikae mimi! Miaka minne! Mama atabaki na nani?"

Sebule nzima ikaangua kicheko. Hapo dada yangu akapiga ukelele, "We! Umemtangaza mume wangu!"

Hakimu anagonga nyundo kwenye televisheni, hakuna anayetazama. Binti yao Neema, miaka kumi na miwili, akamgeukia baba yake.

"Pappa, är det sant? Ni kweli?"

Japhet hajui kudanganya. Aliinuka akavaa koti. Angenitukana ningepumua. Alisema tu, "Shemeji, nilikwambia wewe peke yako."

Sasa amepanga chumba Märsta. Kazini tunasafisha ndege moja, yeye anaanzia mbele, mimi nyuma, na tukikutana katikati ananipa "hej", salamu ya Kiswidi, kama mtu asiyenijua. Dada hanifungulii mlango. Neema naye mwanzoni hakutaka kumwona baba yake.

Na kuna mtu alirekodi! Juzi kwenye treni, nyuma yangu, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka kwenye simu ya mtu: "Kaka, pikipiki uibe wewe!" Jamaa anacheka mpaka anafuta machozi. Nilishuka kituo kisicho changu. Tangu hapo nikikaa kimya tu, naisikia.

Wiki iliyopita Neema alinipigia kwa kujificha. "Mjomba, yule mdogo kwenye filamu alirudi kwao?"

"Alirudi," nikamwambia. "Mama yake alimpikia."

Mungu anisamehe! Ile filamu nimeitazama peke yangu, bila sauti, mpaka mwisho. Yule mdogo harudi.

Nanyi mnaopenda kuchekesha watu, nawaomba. Mtu akikufungulia moyo, funga mdomo, hata kama umati umenuna. Waache wanune! Mimi niliwachekesha dakika moja, na kuna mtoto anamsubiri baba kwa uongo wangu.