Mkato wa Nne

Enzi za Mwingereza nilikuwa kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko akili. Wazazi wangu walifariki nikiwa mchanga, nikalelewa na mjomba huko Iramba. Mjomba naye alipofariki, wanawe waligawana mashamba, na yule mkubwa akaniuliza mbele za watu, "Wewe hasa kwenu ni wapi?" Iliniuma, wee! Nikafunga kifurushi changu, nikamwomba Mungu kwa sauti ili na wao wasikie: "Wewe ndiye uliyenileta duniani, basi nionyeshe pa kukaa."

Nikateremka mpaka Itigi, nikapata kazi ya kubeba kuni za treni. Mdomo ukaniponza, msimamizi akanifukuza. Nikashika njia ya Rungwa, nikisali kila asubuhi, tena kwa kugombana, maana siku ya tatu njaa ilinibana na Mungu yuko kimya tu.

Siku hiyo ndipo akaja mlembe, yule ndege mdogo anayewaita watu kwenye asali. Alipiga kelele, akaruka mti wa mbele, akanisubiri. Nikasema, haya, jibu hilo! Nikamfuata vichakani, miiba ikinichana shati, mpaka akatua kwenye mti wenye gogo lililolazwa juu ya matawi. Mimi nimekulia kwenye mtama na ng'ombe. Asali ya porini niliijua kuwa ni ya aliyeiona. Nikafukiza moshi, nikapanda, nikaumwa mpaka masikioni, nikala mpaka kidevu kikanata.

"Tamu?"

Chini alisimama mzee mmoja mwenye shoka begani.

"Shikamoo," nikasema huko juu, mdomo umejaa.

"Marahaba. Shuka, mwizi."

Akanionyesha duara lililochongwa ubavuni mwa gogo. Kumbe ni mzinga, na duara ni alama ya mwenyewe. Kule hata mtoto anajua alama za watu. Mimi niliipita macho makavu. Nikajitetea kwamba Mungu ndiye aliyeniongoza. Mzee yule, mtu wa swala tano, alicheka mpaka akaegemea mti. "Mungu gani huyo, anaongoza watu kwenye mzinga wangu tu, wa jirani haujui? Na ndege umemwachia sega lake?"

Sikuwa nimemwachia.

"Basi hapo ndipo umekosa kweli."

Adhabu yangu ikawa kumchongea mizinga mitatu nyumbani kwake, kisha niende zangu. Wa kwanza niliupasua katikati, mkewe akaufanya kuni za kupikia ugali, akisema ugali haujawahi kuiva vizuri hivyo. Jioni tulikula pamoja uani, mimi nikisali kwa dini yangu na wao kwa yao, halafu mzee ananisimulia habari za nyuki na kunitania juu ya ule mdomo wangu. Wanawe watatu walikuwa na miji yao hapo jirani, na kila mmoja alikuwa na mizinga yake: duara la baba, pembeni mkato mmoja kwa mwana wa kwanza, miwili kwa wa pili, mitatu kwa wa tatu.

Nilipofika mzinga wa mwisho nilianza kuogopa. Nikiumaliza, naondoka, na sina pa kwenda. Basi nikawa nachonga kidogo, nanoa shoka mno, nachonga tena kidogo. Kila asubuhi namwambia Mungu, "Usinihamishe tena, nakuomba."

Mzee akaja kuangalia. "Huu ni mzinga au mtumbwi? Ziwa liko wapi?"

 Nikaumalizia siku hiyo hiyo, nikachonga duara lake, kisha nikaingia ndani kufunga kifurushi.

Nilipotoka, mzee alikuwa amechuchumaa penye mzinga na kisu mkononi. Kando ya duara alikuwa ameshatia mikato mitatu. Nikadhani anampa mwanawe mdogo. Akatia na mkato mwingine.

"Mzee, umezidisha," nikasema.

"Wanangu nawajua idadi. Rudisha hicho kifurushi ndani. Kesho tunautundika mzinga wako."

Nikalia pale pale, mtu mzima mwenye ndevu, nikashindwa hata kushukuru. Mdomo wote ule ulinikauka.

"Lilia pembeni," mzee akasema, naye akijifuta macho kwa kiganja. "Utaulowesha mzinga."