Makufuli Matatu ya Redio ya Kijiji

Lukumani Mabruki hakumheshimu mtu asiyewahi kukifungua kitu, akakirudishia, kikafanya kazi. Na kwa kuwa watu wa namna hiyo walikuwa wachache Tabora, alipita mjini akiwadharau karibu wote: makarani, wenye maduka, walimu, na hata waliomtangulia kuzaliwa, ingawa hao aliwadharau kwa adabu, baada ya kuwapa shikamoo zao.

Alikuwa fundi redio pale Gongoni. Babu yake alikuja na misafara ya pembe akitokea Ujiji, akachoka kubeba, akabaki. Baba yake alikuwa seremala wa milango. Lukumani yeye ufundi aliuokota jeshini. Wakati wa vita vya Hitler alipelekwa Burma, akafundishwa simu ya upepo, akarudi na kikohozi kisichopona na sikio la ajabu: redio ikikoroma barabarani, ilikuwa haijafika mezani kwake ameshaujua ugonjwa wake.

Hakuuliza wateja redio ina nini. Aliuliza, "Mmeifanya nini?"

Wanawake wa mjini walipenda kuzifunika redio zao kwa vitambaa vya kudarizi, na zile redio za zamani zikipata moto zilikosa pa kupumulia. "Redio si bibi harusi," alikuwa akiwaambia. "Mnaifunika ushungi, inakufa, halafu mnaniletea maiti." Karani mmoja aliizima redio yake kila alipotaka kuzungumza na mkewe, maana alisikia kwamba kama sauti za Dar es Salaam zinaingia nyumbani, basi na za nyumbani zinatoka. Lukumani aliiweka bisibisi yake mezani. "Nani huko Dar es Salaam," akamwuliza, "atapoteza umeme wake kukusikiliza wewe ukiuliza chumvi iko wapi?"

Na mwaka ule Wamarekani walipotua mwezini, kinyozi wa jirani aliapa kuwa ni uongo, kwa hoja kwamba wiki ile mwezi ulikuwa nusu, sasa wangesimama wapi? Watu walioketi kungoja kunyolewa wakatikisa vichwa, wakaona hoja ina uzito. Lukumani, ambaye alikuwa amekuja kunyolewa tu, alinyanyuka na kichwa chake kilichonyolewa upande mmoja.

"Wewe hujui hata kwa nini chai yako inapoa," akamwambia. "Mwezi unautakia nini?"

Mkewe Siwema alimwonya mara nyingi kuwa ulimi ule utamfukuzia wateja. Haukumfukuzia. Fundi mwingine pekee, yule wa karibu na stesheni, kila akifunga redio alibakiwa na skrubu mbili tatu mkononi, akizitazama kama mtu aliyeokota kitu cha mwenzake.

Mwezi wa Mei, mwaka wa sabini na nne, alikuja mtu mnene mwenye suti ya Chou En-lai iliyofungwa vifungo hadi shingoni. Jina lake Masolwa, mwenyekiti wa kijiji kipya cha Ujamaa huko ndani ya Usoke, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka stesheni. Kijiji kilikuwa kimepata redio kwa ajili ya masomo ya watu wazima. Kila Jumamosi iliwekwa betri mpya, na kila Jumanne ilikuwa imekauka sauti.

"Tunailinda sana, fundi," alisema Masolwa. "Tumeitengenezea sanduku la mninga. Lina makufuli matatu. Ufunguo mmoja ninao mimi, mmoja anao Ndugu Katibu, mmoja anao balozi wa nyumba kumi. Haifunguliwi mpaka tuwepo sote watatu."

"Na ikifunguliwa inasema nini?"

"Haisemi kitu."

"Basi mmeilinda kweli," alisema Lukumani, akaanza kufungasha bisibisi zake.

Alipofika kule alilikuta sanduku kwenye ofisi ya kijiji, limeng'arishwa kwa mafuta. Viongozi watatu walifungua mmoja baada ya mwingine, kwa taratibu kama watu wanaotoa maiti ya mkubwa. Lukumani aliitoa redio, akaifungua mgongo, akaipima kwa mita yake ndogo yenye mshale. Redio ilikuwa nzima kabisa. Betri zote nne ndizo zilizokuwa zimekwisha. Alitia nne mpya, na redio ikapaza sauti ofisi nzima.

"Redio haina ugonjwa," alisema. "Mnaibiwa betri. Mtu anachukua mpya, anawaachia zilizokufa."

Katibu, kijana mtanashati aitwaye Mahona, mwenye tochi ndefu iliyoning'inia kiunoni mchana wa jua kali, akasema papo hapo, "Ndivyo nilivyosema siku zote, Ndugu Mwenyekiti. Ni yule mama."

Wakamleta. Aliitwa Ng'washi, mjane aliyehamia kutoka Igunga, mwanamke wa makamo, mrefu, mkavu. Ndiye aliyefagia ofisi ile. Mbele ya nyumba yake walikuwa wamekuta betri kumi na moja zimeanikwa kwenye mkeka pamoja na mihogo.

"Shikamoo, fundi," alisema.

"Marahaba. Betri hizi umezitoa wapi?"

"Shimo la takataka. Wakizitupa naziokota. Nikizianika juani siku mbili zinapata nguvu kidogo, nawasha tochi yangu nikienda zamu ya kuchochea moto kwenye bani la kukaushia tumbaku."

Lukumani akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alimcheka kama alivyomkejeli kinyozi. Habari hii ya kuanika betri alikuwa ameisikia miaka ishirini, na kila mara alimjibu mwenye kuileta kwamba jua hukausha samaki, halifufui.

"Mama," alisema, "betri ikifa imekufa. Jua haliwezi kurudisha umeme. Kama hizo za kwako zinawaka, basi hazikutoka shimoni."

Alilisema mbele ya watu, na akalisema kama fundi. Ng'washi alimtazama bila kupepesa macho. Kisha akamgeukia mwenyekiti, akaona kwamba shauri limeshakatwa. Jioni hiyohiyo mkutano ulimwondoa kwenye kundi la tumbaku, yaani alitolewa kwenye jasho la msimu mzima alilokwisha kulimwaga. Akaambiwa ahame kijijini baada ya mavuno. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Fundi amesema," akaondoka.

Lukumani angekuwa ameshapanda treni, asingeijua sehemu iliyobaki. Lakini treni ya kurudi ilikuwa ya siku ya tatu. Asubuhi yake, akiwa hana la kufanya, alipita njia ya nyumba ya Ng'washi, akaziona zile betri bado ziko mkekani. Akasimama. Kilichomsimamisha si huruma. Alitaka kupata ushahidi wa kumkomesha mtu mwingine atakayemletea upuuzi ule tena.

"Unaniruhusu nizipime?" aliuliza.

"Zipime. Si umeshahukumu?"

Alichagua moja iliyotoka shimoni asubuhi ile, bado ina majivu. Aliigusisha kwenye balbu ndogo aliyotembea nayo. Ikatoa wekundu kama jicho la sigara, ukafifia, ukazimika. Akaiweka juani, akakaa kitako kwenye kinu kilichopinduliwa, kama mtu anayengoja kuona mwenzake akianguka. Ng'washi aliendelea kumenya mihogo. Adhuhuri ikapita. Alipoirudisha ile betri kwenye balbu, balbu iliwaka njano na ikadumu. Akaitoa, akaipima kwa mita, mshale ukanyanyuka. Akahisi mita imeharibika, akapima betri yake mpya, mita ikasema kweli. Akarudia na ya pili. Ya pili nayo ikawaka.

Haikuwa nguvu nyingi. Haikuwa ufufuo. Lakini ilikuwa nguvu, na miaka ishirini aliikana bila kupoteza hata mchana mmoja kuangalia.

"Unaona nini huko?" aliuliza Ng'washi bila kunyanyua kichwa.

"Joto linaichangamsha," alisema Lukumani polepole. "Ile dawa ya ndani. Kuna mabaki yanayokuwa yamelala."

"Mimi sijui dawa. Mimi niliangalia." Akatupa ganda la muhogo. "Fundi mzima wa Tabora, umepanda treni kuja kunihukumu kwa kitu ambacho mtoto wa hapa angekuonyesha."

 Lukumani alibaki anaukunjakunja waya wa mita.

"Sasa nani anachukua betri?" aliuliza mwishowe.

"Leo ndiyo unauliza? Yale makufuli matatu yaliwekwa kwa ajili yangu mimi, maana ndimi ninayeshika ufagio. Mwenye kutaka hapiti kwenye makufuli. Kila Jumapili nafagia ungaunga wa mninga nyuma ya lile sanduku. Mchwa hawali mninga. Nimelisema hilo mara mbili. Nani anamsikiliza mfagiaji?"

Lukumani alikwenda ofisini peke yake, akaliinamia sanduku kwa nyuma. Mbele kulikuwa na makufuli matatu ya shaba, kila moja kubwa kama ngumi ya mtu. Nyuma, bawaba za mfuniko zilishikiliwa na skrubu nne, vichwa vyote viko nje, vinang'aa kwa kukwaruzwa. Mtu mwenye kisu cha kumenyea chungwa angeuinua mfuniko mzima kwa upande wa pili na makufuli yakabaki yamefungwa, yanachunga hewa. Yeye mwenyewe alikuwa amesimama mbele ya sanduku hilo jana, akawacheka wenye nalo, na hakulizunguka.

Akafunga mlango, akaondoka. Alikuwa na desturi moja ya kazi: kila kifaa alichotia kwenye redio ya mtu alikichora alama ya msumari mahali pasipoonekana, kwa sababu wateja wa Gongoni walikuwa wepesi kudai amebadilisha. Zile betri nne za jana chini yake zilikuwa na alama ya mwezi mwandamo.

Siku ya tatu, kabla ya safari yake, aliomba mkutano uitwe na sanduku lifunguliwe. Viongozi walikuja na funguo zao. Redio ilikuwa imenyamaza tena. Akatoa betri, akazipindua. Hazikuwa na alama.

"Ndani ya redio kuna giza," alisema. "Ndugu Katibu, niazime tochi yako nimulike."

Mahona akasita. Watu wakamtazama. Akaifungua kiunoni, akaitoa. Lukumani hakuiwasha. Alikizungusha kifuniko cha nyuma, akaimimina mezani. Zikatoka betri nne, akazipanga wima kichwa chini, na mwezi mwandamo ukaonekana mara nne. Kisha akaligeuza lile sanduku watu waone bawaba zake.

"Mwizi wenu," alisema, "mlimpa na ufunguo. Na hakuuhitaji."

Minong'ono ikaanza, mtu mmoja akacheka, wengine wakamzomea Mahona. Lukumani akanyanyua mkono. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi kwake kuliko kuvuka mto wa Burma chini ya risasi.

"Na kuna mjinga mmoja zaidi," alisema. "Juzi niliwaambia jua haliamshi betri. Sikuwa nimejaribu. Jana nimejaribu. Mama huyu alisema kweli, na mimi nilisema uongo kwa sauti ya fundi. Kama mmemfukuza kwa neno langu, basi neno lenyewe halikuwa na kitu ndani."

Ng'washi alikuwa amesimama nyuma, karibu na mlango. Hakutabasamu wala hakushukuru. Alirudishwa kwenye kundi la tumbaku asubuhi hiyohiyo. Mahona hakufungwa, hakufukuzwa. Baada ya wiki chache alihamishiwa kijiji kingine, akawa katibu huko. Na Mwenyekiti Masolwa, baada ya kutafakari sana, alitoa uamuzi wake: sanduku liongezwe kufuli la nne.

Lukumani alitembea saa mbili hadi stesheni akiongea peke yake.

Alipofika nyumbani alimweleza Siwema habari yote, pamoja na sehemu yake yeye. Siwema alimtilia chai, akaketi mbele yake akamsikiliza mpaka mwisho, akacheka hadi akajifuta machozi kwa ncha ya khanga. "Kumbe mpaka uende Usoke ndipo usikie," alisema.

Usidhani alibadilika akawa mpole. Aliendelea kuwadharau watu, ila sasa orodha ilikuwa imeongezewa jina lake mwenyewe, na hilo lilimpunguzia kidogo kasi ya ulimi. Mtu akimletea habari ya kipuuzi, alimtukana kwanza kama kawaida, kisha baadaye, akiwa peke yake, aliijaribu.

Mwaka uliofuata alirudi kule kwa kazi nyingine, akapitia kwa Ng'washi. Alikuwa amebeba mita yake ya akiba, ile yenye kioo kilichopasuka. Alimwachia, akamweleza namna ya kuisoma, na mwanamke yule aliielewa kwa mchana mmoja tu. Kisha akamfundisha kulehemu waya, kusafisha kutu kwenye vibati, kuujua unga mweupe unaotoka kwenye betri mbovu. Hawakuwa marafiki. Ng'washi hakuwahi kumwambia amemsamehe, na Lukumani hakuwahi kuuliza.

Haikupita miaka miwili, watu wa vijiji vitatu vya Usoke walikuwa wanampelekea Ng'washi tochi na redio zao. Wachache waliokuja bado hadi Gongoni, Lukumani aliwarudisha na redio zao kwapani. "Nauli mmeipoteza bure," aliwaambia. "Fundi mnaye hukohuko."

Walikwenda, na kazi walisema ni nzuri. Walichomlalamikia yule mama ni kimoja tu: kwamba kabla hajakishika kitu chako, anakuuliza umekifanya nini, na lolote utakalojibu, analicheka.